Kufunga mizigo kwenye pikipiki isiyo na keria: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pikipiki za Boxer na TVS HLX huja na keria zake, yaani chuma cha nyuma cha kuwekea mizigo, kwa hiyo waliozizoea wakiona Pulsar au Apache, ambazo hazina, husema hiyo ni ya kuringia tu, haibebi kitu. Inabeba. Ila wengi hukimbilia kununua begi kabla ya kutazama litafungwa wapi.

Dhana: popote panapokubali kamba panafaa.
Ukweli: shina la indiketa limewekwa libebe taa, basi. Kibao cha namba na madigadi ni vilevile. Penye nguvu ni chuma cha kushikia abiria, vyuma vya pedeli za abiria, na fremu yenyewe. Fungua siti, zungushia mkanda kwenye fremu, acha kitanzi kitokeze kila upande, kisha rudisha siti ukihakikisha haibani waya. Vitanzi hivyo havimsumbui mtu. Siku ya safari unaunga begi hapo.

Dhana: mpira wenye kulabu unatosha.
Ukweli: mpira huvutika. Pikipiki ikipanda tuta mzigo unaruka, mpira unaufuata, na matuta ya Mikumi hayaishi leo wala kesho. Tena kulabu ikichomoka mkononi hurudi kwa kasi; watu wameumia macho. Mipira ya tyubu wanayofungia bodaboda kreti za soda ni afadhali, maana haina kulabu, lakini nayo huvutika na jua huila. Mkanda bapa wenye bizimu ndio wa kuaminika. Ncha inayobaki ikunje na kuifunga: ikinaswa na cheni, gurudumu la nyuma linaweza kukwama ukiwa kwenye mwendo.

Dhana: mabegi ya pembeni yakitulia pikipiki ikiwa imesimama, kazi imekwisha.
Ukweli: mabegi haya hukaa kama shogi, ule mfuko wa mizigo unaoning'inia pande zote mbili za punda, lakini punda hana shokapu. Panda wewe, mwenzako akandamize siti kwa nguvu, mwingine achungulie: begi limegusa tairi? Limesogelea ekzosi? Salfeti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, nailoni ikipita 200, na bomba la ekzosi karibu na injini linaweza kuvuka hapo. Pakiwa finyu, weka kingio la bati au hamishia mzigo juu ya siti.

Dhana: begi la mgongoni ni salama zaidi.
Ukweli: kwa nguo chache, sawa. Spana na kufuli zikae kwenye pikipiki. Ukianguka zitakuwa kati ya lami na uti wako wa mgongo.

Dhana: kizito kikae nyuma kabisa.
Ukweli: kikipita ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito na usukani huanza kuyumba. Vizito viwe chini, karibu na siti. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na wewe dereva umo kwenye hesabu hiyo. Upepo wa tairi la nyuma uongeze kama kitabu kinavyoagiza.

Dhana: kitambaa kisichopitisha maji kinatosha.
Ukweli: mvua huingilia kwenye zipu na mishono. Nguo zitie kwanza kwenye mfuko wa plastiki.

Na ukishafunga vizuri, bado nguo hushindiliwa na mikanda hulegea. Ukitoka Dar usingoje Morogoro: simama Kibaha, kaza upya.