Mwenzako wa chumba akikuambia amefanyiwa ukatili

Mwanafunzi aliyebakwa au kupigwa na mpenzi wake mara nyingi haji kwanza kwetu, Dawati la Jinsia la chuo, wala haendi polisi. Humwambia anayeishi naye chumba kimoja, tena kwa maneno nusunusu. Kwa hiyo makala haya nayaelekeza kwako wewe utakayeambiwa, maana utakachofanya katika saa chache zinazofuata kina uzito kuliko semina zetu zote za wiki ya mwaka wa kwanza.

Usimuulize alikuwa amevaa nini, alifuata nini gheto kwa watu, au kwa nini hakupiga kelele. Hofu kubwa humgandisha mtu, akashindwa hata kuinua mkono. Mwambie unamwamini, na kwamba kosa si lake. Kisha mwache yeye aamue nani mwingine ajue. Usiwapigie wazazi wake bila idhini yake, na habari hiyo isifike kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nimeona wanafunzi wakiacha masomo zaidi kwa sababu ya maneno ya korido kuliko kwa sababu ya tukio lenyewe.

Kama amebakwa, msisubiri asubuhi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Zikianza, humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, lakini navyo ni bora mapema. Asioge wala asifue nguo. Kama ameshaoga, aende hospitali hivyo hivyo, matibabu bado anayahitaji. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na ushahidi huharibika. Haya yote, isipokuwa vidonge vya mimba, yanamhusu mvulana pia, ambaye kwa kawaida huchelewa zaidi kwa aibu.

Fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa bure kituo cha polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambako atasikilizwa faragha. Aliyeumia sana apelekwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali, kama Amana jijini Dar es Salaam, zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, ili asisimulie yaliyompata mlango kwa mlango. Msindikize. Kaa naye kwenye benchi.

Ukatili mwingine hauanzi na kipigo. Huanza na simu kukaguliwa, nywila kudaiwa, kuzuiwa kwenda kujisomea na wenzake, boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) kuchukuliwa likiingia tu, au kukumbushwa kila siku nani analipa kodi ya chumba. Wapo wanaouita huo wivu wa mapenzi. Mimi nauita kwa jina lake: kumtawala mtu. Ukiona mwenzako anaomba ruhusa hata ya kuja kantini, mwulize mkiwa wawili, wala usimsubiri apigwe. Na akiamua kuachana, ujue hicho ndicho kipindi cha hatari zaidi. Asiende peke yake kuchukua vitu vyake, na wala asikubali kile kikao cha mwisho cha "tuongee tu" chumbani kwa mpenzi huyo.

Kwenye sherehe, ukimwona mtu aliyelewa hadi hajiwezi anaondolewa na mwenye nia nyingine, huhitaji kugombana. Mwite jina, mwambie simu yake inaita, mtoe hapo na wenzako wawili. Aliyelewa kiasi hicho hawezi kuridhia chochote, hata kama ni mpenzi wake wa miaka.

Rushwa ya ngono nayo ni ukatili, japo wengi huichukulia kama bahati mbaya ya mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaifanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mhadhiri akikuita ofisini jioni kuhusu alama zako, nenda na mwenzako. Ujumbe wake usiufute. Upige picha na uitume kwa mtu unayemwamini, tarehe na namba zikionekana. Kisha piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure, au njoo kwetu kabla matokeo hayajaidhinishwa na seneti ya chuo, kwa sababu wakati huo bado tunaweza kuomba mtihani wako usahihishwe na mtu mwingine.