Je, wajua? Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani

Ukipaka kabati la zamani rangi ya mafuta, baada ya siku mbili ukiligusa halichafui kidole. Kwa nini basi ukipanga vitu juu yake siku hiyo, baadaye vinang'oka na rangi?

Mimi nilifundishwa na rafu. Niliipiga msasa, nikaipaka mikono miwili (yaani tabaka mbili) ya rangi nyeupe, nikangoja siku mbili, nikaona kavu, nikapanga vitabu. Wiki kadhaa baadaye nilivuta kitabu kimoja chenye jalada gumu. Kiligoma, kisha kikaachia ghafla, na chini ya jalada lake kulikuwa na kipande cha rangi chenye upana wa kidole. Kwenye rafu, rangi ya kahawia ya zamani ilikuwa inachungulia. Niliamini nimeuziwa rangi mbovu. Kumbe tatizo lilikuwa namna nilivyolielewa neno "kukauka".

Nguo hukauka kwa kuondokewa na maji, nami nilidhani rangi ni vivyo hivyo: thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, inaruka, rangi inabaki. Hilo ni kweli kwa saa za mwanzo, na ile harufu kali ni thina ikiondoka. Lakini kama mambo yangeishia hapo, mlango uliopakwa mwaka jana ungerudi kuwa rangi ya kopo pindi ukiumwagia thina. Chumvi iliyokaukia sufuriani huyeyuka tena ukiirudishia maji. Vanishi ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) nayo hukauka kwa namna hiyo: ipanguse kwa spiriti, italainika. Rangi ya mafuta haikubali. Brashi mbichi husafishika kwa thina kwa dakika chache, lakini ukiisahau mwezi mzima, hata ukiiloweka haitoi rangi ya majimaji. Kama kitu kitatoka, kitatoka vipande vipande kama ngozi. Ina maana rangi imegeuka kuwa kitu kingine, na kilichoigeuza ni kitu kilichoingia: oksijeni ya hewani.

Ndani ya rangi hiyo mna mafuta ya mimea, kama ya kitani au soya, ambayo viwandani mara nyingi huchanganywa na kemikali nyingine kuwa gundi nzito. Fikiria ndoo iliyojaa kamba fupi zilizolowa. Ukitia mkono zinateleza, kila moja na njia yake. Hiyo ndiyo rangi mbichi. Kila kamba ina sehemu chache ambazo oksijeni inaweza kushika, na ikishika, kamba hiyo hufungwa fundo na jirani yake. Fundo moja halibadilishi kitu. Mafundo yakiongezeka, kamba zinakuwa wavu uliolegea; yakiongezeka zaidi, wavu unakaza hadi hakuna kamba inayoweza kusogea. Siku ya pili ulikuwa unagusa wavu uliolegea. Hauchafui kidole, ila ukilaza kitabu kizito juu yake, kamba zinajisogeza polepole hadi zinajaza vinyweleo vya jalada, na mafundo yanaendelea kufungwa hukohuko.

Ndiyo maana mafuta ya kitani yaliyopakwa peke yake, bila thina, huongezeka uzito yanapokuwa yanakauka. Nililisoma hilo mara mbili kabla ya kukubali. Ushahidi mwingine umo kwenye kopo la rangi lililobaki nusu: juu, inapogusana na hewa, pana utando mgumu, chini yake rangi bado ni majimaji. Ukipaka mkono mzito, jambo hilohilo hutokea kwenye mbao. Utando wa juu unaizuia hewa isifike chini, kisha unajikunja makunyanzi. Mikono miwili myepesi inashinda mmoja mnene.

Rangi ya maji ina njia yake. Humo mna chembe ndogo mno za plastiki, na maji yakiondoka zinabanana na kuungana kama matonge ya udongo mbichi. Nayo huchukua muda kukomaa, ingawa kidole hakioni.

Muda wenyewe haufanani. Wiki moja hadi nne ni makadirio ya kawaida, na baridi, unyevu au unene wa rangi huurefusha. Mimi hubonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Alama ikibaki, nangoja.

Msasa nao nilikuwa nauelewa vibaya, nikikwangua hadi kwenye mbao. Wavu wa zamani umekwisha kufungwa, hivyo rangi mpya haipati kamba za kufunganisha nazo. Mikwaruzo midogo inaipa mahali pa kushika, na hiyo kwa kawaida inatosha kama rangi ya chini haibanduki. Angalizo zito: fanicha kuukuu sana inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Ukiwa na shaka, usiipige msasa mkavu, maana vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Na matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyarundike. Kufunga mafundo hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo linapotea hewani, lakini katikati ya tambara lililokunjwa linajikusanya, na tambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yaanike nje moja moja, yametandazwa, au yaloweke ndani ya chombo cha bati chenye maji na kifuniko.