Programu ya barua pepe ya kompyuta: yanayosemwa na yalivyo

"Barua zikishashuka kwenye kompyuta yangu, nina nakala ya akiba."

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi. Akaunti nyingi siku hizi huunganishwa kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma), na IMAP kazi yake ni kuifanya kompyuta yako ifanane na seva hiyo. Mwenzako wa ofisini mnayetumia akaunti moja akifuta folda ya ankara kwa simu, kesho ukiwasha laptop programu inasawazisha na folda inatoweka kwako pia, bila kuuliza. POP3, njia ya zamani ya kuchukua barua, ni habari nyingine: yenyewe huvuta barua na, usipoiwekea alama ya kuacha nakala, huziondoa kwenye seva, kwa hiyo diski yako ikifa umebaki mikono mitupu. Kwa Thunderbird, programu ya barua ya bure, akiba ya kweli ni kuifunga programu, kisha kunakili folda nzima ya profaili (inamohifadhi barua na mipangilio yako) kwenye diski ya nje.

"Programu ikiwa nzito, dawa ni kuhamia programu nyepesi."

Wakati mwingine ni kweli. Claws Mail, programu nyepesi ya barua, huenda vizuri hata kwenye mashine kuukuu, ingawa haiandiki barua za HTML (zenye rangi, picha na mitindo), na wenye saini zenye nembo wataichukia. Lakini mara nyingi uzito uko kwenye hifadhi. Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ndani ya faili moja la mbox, muundo unaopanga barua zote mfululizo. Ukifuta barua, haiondoki kwenye faili. Inatiwa alama tu kuwa imefutwa. Ndiyo maana kikasha kinaweza kuonyesha barua mia chache huku faili lake likiwa na gigabaiti kadhaa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Compact", uone faili linavyosinyaa. Claws Mail huweka kila barua katika faili lake, hivyo haina tatizo hili.

Na tafadhali, usiihukumu programu siku ya kwanza. Siku hiyo inashusha barua za miaka na kuziorodhesha kwa ajili ya utafutaji, lazima ikokote.

"Bando linaisha kwa sababu barua zangu ni nyingi."

Kama unatumia Gmail, huenda unapakua barua ileile mara mbili. Kila lebo huonekana kwenye IMAP kama folda, na juu yake kuna "All Mail" yenye kila kitu. Ingia kwenye mipangilio ya usawazishaji ya akaunti, uiondolee "All Mail" alama ya kuhifadhiwa kwenye kompyuta.

"Bila mtandao siwezi kujibu."

Unajibu. Barua inasubiri kwenye kikasha cha kutuma.

"Programu zote zikisema zinafanya kazi bila mtandao, ni sawasawa."

Gmail kwenye Chrome hukupa barua za siku 7, 30 au 90 tu. Outlook ya zamani (classic) yenye akaunti ya Exchange, seva ya barua ya Microsoft inayotumiwa maofisini, mara nyingi huja imewekwa kwenye miezi 12, na wengi hawajui kuwa kuna kitelezi cha kuchagua zote. Thunderbird kwa IMAP hushusha barua zote usipoizuia. Kabla hujachagua, zima Wi-Fi, tafuta barua ya mwaka juzi yenye kiambatisho, ufungue hicho kiambatisho.