Mstafeli unaochanua bila kuzaa: namna ya kuuchavusha na kuutunza

Mstafeli asili yake ni visiwa vya Karibi na nchi za joto za bara la Amerika, na huku pwani kwetu umekubali vizuri. Lalamiko kubwa la wenye miti hii ni moja: maua yanajaa, matunda hayafiki hata kumi, na hayo machache yamepinda. Wengi hukimbilia mbolea. Mara nyingi tatizo ni uchavushaji, na hata huko Karibi mstafeli unajulikana kwa uvivu wa kuzaa.

Chukua ua moja ulipasue. Chini ya petali nene za kijani-manjano utaona kichwa cha duara: sehemu ya juu ni ya kike, imebanana na inang'aa kwa utelezi, kuizunguka kwa chini ni sehemu za kiume zenye chavua, yaani unga wa kurutubisha ua. Ya kike hukomaa kwanza. Chavua inapomwagika, utelezi umeshakauka, hivyo ua haliwezi kujichavusha lenyewe. Stafeli pia si tunda la chumba kimoja: limeundwa na vyumba vingi vilivyoungana. Upande uliopata chavua hunenepa, uliokosa hudumaa, na ndiyo maana tunda hupinda.

Chavusha kwa mkono. Jioni, chuma maua ambayo petali zake zimeanza kulegea, yaweke ndani ya bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, maana unyevu utaiharibu chavua. Asubuhi na mapema yakung'ute kwenye kisahani kikavu. Kwa brashi ndogo laini ya kuchorea, paka chavua hiyo kwenye maua mengine yanayoanza tu kufunguka, ukizungusha brashi pande zote za kichwa cha kike. Upande utakaouruka utauona kwenye tunda. Chagua maua yaliyo kwenye shina na matawi manene, kwa kuwa tunda linaweza kuzidi kilo mbili na kijitawi chembamba kitavunjika.

Kwa anayeanza, mbegu mbichi zilowekwe saa 24, zifukiwe sentimita 2 kwenye viriba. Huota kati ya siku 15 na 30. Mche wa mbegu huchukua miaka 3 hadi 5 kuzaa na si lazima ufanane na mama yake, kwa hiyo ukipata mche uliobebeshwa (ulioungwa kikonyo) kutoka mti mzuri, chukua huo. Acha mita 5 hadi 6 kati ya miti, mahali pasipotuama maji. Mizizi yake ni ya juujuu: matandazo ni lazima, ila yasiguse shina, na jembe lisichimbe chini ya mti.

Mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 10-10-10 inatosha robo kilo mwaka wa kwanza, nusu kilo wa pili, na kilo moja na theluthi kuanzia wa tatu. Hicho ni kiasi cha mwaka mzima, kigawe mara nne. Ukiwa na 17-17-17, tumia kama sehemu sita kati ya kumi za vipimo hivyo.

Ukiona nta nyeupe kwenye matunda na sisimizi wakipanda na kushuka, ujue kuna vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaotoa, basi zuia sisimizi kwanza, kisha osha matunda kwa maji ya sabuni. Matunda machanga yanayokuwa meusi wakati wa mvua mara nyingi yana chule, ugonjwa wa ukungu. Yaokote yote na upogolee matawi ya ndani ili hewa ipite.

Vuna tunda likiwa bado gumu, kijani chake kimefifia na miiba imetawanyika. Litalainika nyumbani baada ya siku chache. Likiivia mtini huanguka na kupasuka.

Kuhusu majani: hakuna ushahidi wa tiba kwa binadamu kwamba yanaponya saratani, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha matibabu ya hospitali kwa ajili yake. Mwaka 1999 watafiti huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, walieleza uwezekano wa uhusiano kati ya ulaji wa mimea ya jamii hii, pamoja na chai ya majani yake, na maradhi ya neva yanayofanana na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka). Uhusiano huo haujathibitishwa kikamilifu, lakini unatosha kutufanya tushauri chai hiyo isinywewe kila siku. Mbegu ni sumu: zitoe kwa mkono kabla nyama ya tunda haijaingia kwenye blenda.