Mvumo unaofuata spidi ya gari: maana yake, na namna ya kujua unatoka wapi

Gari likitembea taratibu mjini husikii kitu. Ukiingia barabara kuu na spidi ikagusa 50 au 60, inaanza "vuuuu" nzito chini ya miguu. Ukiongeza mwendo sauti inapanda, ukiachia mafuta inashuka pamoja na gari, na ukikaribia kusimama inapotea kabisa. Huo ndio mvumo unaofuata spidi. La msingi ni kwamba haufuati injini, unafuata mwendo wa gari. Chanzo chake basi ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu, au mara chache kitu kinachopigwa na upepo, kama keria ya juu ya paa.

Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye gereji nyingi jibu hutoka kabla ya swali: "Beringi hiyo, bosi." Beringi, yaani kile kifaa chenye gololi kinachofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, inanunuliwa, inafungwa, na mvumo uko palepale. Inanunuliwa ya upande wa pili. Mara nyingi kweli huwa ni beringi, lakini tairi iliyolika vibaya hutoa sauti inayofanana nayo mno, kiasi kwamba hata fundi mzoefu anaweza kudanganyika akitegemea sikio peke yake. Tena sauti husafiri kwenye bodi, hivyo beringi ya kushoto inaweza kusikika kama ipo kulia. Kuna vipimo vya kuzitenganisha, na vingi havihitaji hata spana.

Anza kwa kuitoa injini kwenye orodha ya washukiwa. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, endesha kwenye spidi ambayo mvumo unasikika vizuri, tuseme 80, kisha badilisha mizunguko ya injini bila kubadilisha spidi. Kwenye gari la manyuo, rudi kutoka gia ya tano hadi ya nne. Kwenye Toyota za otomatiki za zamani zenye kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa ya mwendo kasi) kwenye mkono wa gia, zima O/D: mshale wa RPM utapanda huku spidi ikibaki ileile. Mvumo ukipanda na mshale, kaangalie injini na ekzosi. Usipobadilika, injini haihusiki. Wengine huweka nyutro gari likiwa mwendoni, na inafaa pia, ila usizime swichi kamwe. Stelingi itakuwa nzito, breki zitapoteza msaada wake, na ukichomoa ufunguo stelingi inaweza kujifunga.

Hapo wanabaki washukiwa wakuu wawili, tairi na beringi, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini wanafanana sauti. Tairi ya 195/65 R15 ina mzunguko wa karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Kasoro inayogonga mara moja kwa kila mzunguko italeta mtikisiko wa mara 14 kwa sekunde, na huo utausikia mikononi kwenye stelingi zaidi ya masikioni. Hiyo ni kazi ya balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Ili kasoro iwe mvumo lazima igonge mara nyingi zaidi ndani ya mzunguko mmoja. Beringi inaweza: kishimo kidogo kwenye njia ya gololi kinapitiwa na gololi kadhaa kila gurudumu linapogeuka. Tairi nayo inaweza, kwa sababu kashata zake, yale mabonge ya mpira yanayogusa lami, huwa ni 60 na kitu kuuzunguka mzingo wake. Mara 14 kwa 60 ni mapigo zaidi ya 800 kwa sekunde.

Watengenezaji wa tairi wanalijua hilo, ndiyo maana kashata hazilingani ukubwa. Wanazichanganya kusudi ili mapigo yasirundikane kwenye sauti moja. Tairi ikilika kwa mawimbi, mpangilio huo unaharibika na gari linaanza kuvuma.

Tairi ya namna hiyo macho huipita tu, kiganja ndicho kinachoiona. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja juu ya kashata kuelekea mbele, halafu kirudishe nyuma, ukianzia ukingo wa ndani ambao watu hawautazami. Ukikuta upande mmoja unateleza na upande mwingine unakukwaruza kama meno ya msumeno, umempata mshukiwa. Meno hayo mara nyingi huletwa na alaimenti, yaani mkao wa pembe za magurudumu, iliyokaa vibaya. Mabonde na vilima vinavyofuatana huletwa zaidi na shokomzoba (vifaa vinavyotuliza mdundo wa springi) zilizochoka, kwa kuwa gurudumu linadunda badala ya kukandamiza lami. Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, chunguza sana tairi za nyuma. Wenyewe huzisahau kwa sababu haziliki haraka. Soma na tarehe pia: tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa zamani hukauka, na mpira mkavu una kelele hata kashata zikiwa ndefu. Kwa anayenunua tairi za mtumba, tarakimu hizo zina thamani kuliko rangi nyeusi iliyopakwa kuing'arisha.

Barabara nayo inasaidia kupima. Mvumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika: juu ya lami laini una sauti moja, juu ya lami ya kokoto una nyingine, na kwenye vumbi karibu unapotea. Beringi haijali inapita juu ya nini. Ukitaka uhakika zaidi, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, kisha rudi barabara ileile kwa spidi ileile. Sauti ikihama, usinunue beringi.

Beringi ina kipimo chake. Kwenye eneo wazi na kwa mwendo wa wastani, kata stelingi kidogo kushoto, kisha kulia, kwa upole. Ukikata kushoto, uzito wa gari unalalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo na kupungua unapokata kulia, kwa kawaida mgonjwa ni wa kulia. Sheria hii haishiki kwa kila gari, kwa hiyo thibitisha kwa jeki.

Zuia magurudumu mengine kwa kabari, inua gari sehemu tambarare, weka stendi, na usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gia iwe nyutro ili gurudumu lizunguke. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike koili ya springi ya gurudumu hilo. Beringi nzima huisikii kabisa. Iliyokufa inapeleka mkwaruzo mpaka kwenye vidole, kama vile kuna mchanga ndani, hata pale ambapo sikio halisikii chochote. Fanya hivyo kwa magurudumu yote ili upate cha kulinganisha. Halafu shika tairi juu na chini, uitikise. Wengi huishia kwenye kutikisa, na wasipoona mchezo, yaani kulegea, wanasema beringi nzima. Beringi inaweza kuvuma muda mrefu kabla haijapata mchezo. Ikishakuwa na mchezo, gari lisitembee tena mpaka itolewe, kwa sababu kinachofuata ni gurudumu kuyumba na hata kutoka.

Ikiwa tairi na beringi vimepita, nenda kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia. Mlio wake ni wa kung'ang'ania zaidi, na unabadilika na mguu wako: unalia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake. Kagua oili ya difu kwanza. Kwenye magari yenye propela chini (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), tazama pia krosi, yaani viungo vyake, na senta beringi inayoishikilia katikati. Magari yanayovutwa mbele yana difu ndani ya giaboksi, kwa hiyo mlio wa aina hiyo utausikia unatoka mbele.

Beringi ikithibitika, uangalie na ufungaji wake, kwa sababu beringi mpya nyingi zinauliwa gereji. Ile ya kushindilia iingizwe kwa mashine ya presi, na nguvu iwekwe kwenye pete inayobana, yaani pete ya nje inapoingia kwenye nakoli, kile chuma kinachobeba gurudumu. Ukisukuma au kugonga nyundo pete ya ndani, nguvu yote inapitia kwenye gololi, zinachimba vishimo kwenye njia yake, na gari linaondoka gereji likiwa na mvumo mpya. Nati ya kati nayo ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji kwa spana ya tokwi, ile inayopima nguvu ya kukaza. Beringi nyingi za siku hizi zina pete ya sumaku upande mmoja, ambayo sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapopiga breki) huisoma. Mwambie fundi aiguse kwa pini ndogo ya chuma kabla ya kuifunga: upande unaoivuta ndio unaotazama sensa.