Odometa haijui chumvi ya Uvinza

Mama mmoja anayenunua maharage Kasulu na kuyaleta mjini alikuja gereji kwangu hapa Mwanga, Kigoma, akanionyesha kwenye simu picha za Hilux mbili, zote dabo kabini za dizeli. Ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, namba C, imepigwa rangi ikang'aa, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Ya pili ilikuwa ya mnada wa shirika moja lililokuwa likihudumia kambi za wakimbizi huku kwetu: kilomita 326,000, kioo cha mbele kina ufa, milango imekwaruzwa na miiba. Bei zilikaribiana.

"Fundi, hii ya kilomita laki tatu si imeshakufa?"

Nilimwambia asubiri nichukue kalamu. Swali lake naulizwa karibu kila wiki, na hesabu yake ni fupi.

Odometa, ile mita ya kilomita kwenye dashibodi, inahesabu mizunguko ya magurudumu. Injini inaweza kunguruma saa nzima gari likiwa sailensa kwenye foleni, kiyoyozi kinavuta, na odometa isisogee hata kilomita moja. Ndiyo maana trekta na jenereta zina mita ya saa, na jenereta nyingi za dizeli humwagwa oili kila saa 250. Sasa chukua ile Hilux ya shirika. Safari zake ni Kigoma, Kasulu, Kibondo na kurudi, tuseme kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa. Gawanya 326,000 kwa 55, unapata saa kama 5,900. Ile ya Dar, kwa mwendo wa foleni wa kilomita 15 kwa saa, 98,000 zake ni zaidi ya saa 6,500. Kwa hiyo hata tungeamini dashibodi, injini "mpya" ndiyo iliyozunguka zaidi. Halafu imewashwa ikiwa baridi mara nyingi mno, na dakika za kwanza baada ya kuwasha, oili ikiwa nzito na haijafika kote, ndizo zinazokula injini kuliko nyingine zote.

Kuna Mmarekani aliyeitwa Irv Gordon, naye mwalimu, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kuiendesha hadi ikavuka maili milioni 3 mwaka 2013. Hizo ni kilomita kama milioni 4.8. Watu wanapenda kusifia chuma cha Volvo, na injini ile kweli iliwahi kufunguliwa na kutengenezwa upya njiani. Mimi ninachokiangalia ni kwamba kwenda kazini na kurudi kulikuwa maili 125 kwa siku, barabara kuu, injini imepata moto wake vizuri, na oili hakuichezea.

Lakini mama wa maharage haendeshi Marekani, na hapa kwetu kuna mambo mawili yasiyohesabiwa na mita ya aina yoyote: vumbi na chumvi.

Vumbi nitalisema haraka kwa sababu kila dereva analijua, ila wengi wanalitafuta pasipo. Mchanga uliomo ndani yake ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chujio la hewa likiwa zima, vumbi halipiti. Linapita kwenye mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, pale klipu imelegea au mpira umepasuka kwenye mikunjo. Fungua mpira huo, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na wekundu wa barabara, injini imekuwa ikila udongo, na ringi zimekwisha au ziko njiani kwisha. Na vijana wa kompresa nawaomba: chujio la karatasi ukilipuliza upepo mkali kwa karibu linatoboka matundu usiyoyaona kwa jicho. Bora chujio chafu kidogo kuliko lililopulizwa mara kumi.

Chumvi sasa. Uvinza imetoa chumvi tangu kabla Mjerumani hajafika, na magari mengi yanayotembea mkoa huu yamewahi kuibeba, ikiwemo pikapu ambayo mwenyewe anaapa haijawahi. Chumvi ghafi inavuta unyevu hewani. Hata kiangazi, mvua hakuna, chembe zilizojificha kwenye pembe za bodi zinalowa zenyewe usiku na kutafuna chuma taratibu. Mbaya zaidi ni chesisi, kwa sababu kwa ndani ni bomba lenye matundu. Chumvi inaingia kwenye matundu hayo, inakaa, na mwosha magari anasugua nje tu. Kutu linaanzia ndani, na ukiliona nje ujue limeshamaliza kazi. Ongeza magari ya samaki, yale yanayodondosha maji ya barafu yenye chumvi kutoka mwaloni Kibirizi hadi sokoni.

Nilishaletewa lori la tani saba, injini tamu kabisa, linawaka kwa mguso mmoja. Mwenyewe alilalamika tu kwamba bodi inalia kwenye kona. Nikaingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga kinalia kama kengele. Hiki kilinijibu kama kibuyu. Pigo la tatu nyundo ikazama. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya chini yote, ndiyo maana mnunuzi hakuona kitu. Tangu siku hiyo, chesisi ya gari kuukuu ikiwa na rangi mpya, mimi nagonga mara mbili zaidi.

Paipu za breki nazo tazama chini ya klipu zinazozishika, maana matope yenye chumvi hulala hapo. Paipu ikivimba kama mshipa wa mzee, usishuke nayo milima ya Manyovu. Soketi za umeme zikiota kijani ndani, jiandae kulipa fundi umeme mara nyingi kwa ugonjwa uleule.

Dawa ni maji matamu mengi, yaingizwe ndani ya chesisi kwa mpira kupitia matundu yake, kila baada ya mzigo wa chumvi au samaki. (Si kwa kulitumbukiza gari ziwani, tafadhali. Ziwa tunalinywa.) Kisha likauke juani. Wengine wanapaka oili chafu. Inasaidia chuma kidogo, lakini inalainisha bushi za mpira na kuzivimbisha, na inadondoka kila unapoegesha. Mimi siipaki.

Kama unataka kuona mafuta yanavyoweza kulinda chuma, nenda bandarini ukaulize habari za meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, wahandisi walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, zilikutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Injini hizo za mvuke zilikuja kuondolewa miaka ya 1970 kuwekwa za dizeli. Miaka minane chini ya Tanganyika, na kuna Fuso zinazomshinda mtu kwa masika mawili.

Nirudi kwenye maji, ya rejeta safari hii. Gereji bubu nyingi zina desturi ya kung'oa thamostati, eti nchi ina joto. Kwa Toyota nyingi kifaa hicho kinafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye moto wake upesi. Ukikitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, mafuta yasiyoungua yanashuka kwenye oili, na silinda zinalika. Na kuna injini ambazo thamostati yake, ikifunguka, inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemka kwa ile ile "dawa" uliyopewa.

Wenye malori yenye slivu (mirija ya silinda ambamo pistoni inapita) zinazoguswa na maji moja kwa moja, msitie maji ya bomba matupu. Pistoni inapopiga ukuta wa slivu, slivu inatetema, vipovu vinazaliwa upande wa maji na kupasuka hapohapo, na kila kimoja kinadonoa chuma. Siku moja unakuta tundu dogo kama la sindano na maji ndani ya oili. Kulanti ya dizeli, yale maji maalumu ya rejeta, ina dawa inayotengeneza ngozi nyembamba juu ya slivu. Wenzangu wengi wanafikiri ile rangi ya kijani ni pambo.

Basi, Hilux zenyewe. Ndugu yake aliyeko Dar alikwenda kuikagua ile ya 98,000, nikamwelekeza kwa simu. Raba ya pedali ya klachi imelika hadi chuma. Halafu nikamwambia atafute chini ya boneti stika ya Kijapani karibu na kifuniko cha taimingi belti. Kijapani hatusomi, tarakimu tunasoma: belti ilibadilishwa kwenye kilomita 187,000. Kilomita hizo peke yake zisingenisumbua. Shida ya kurudisha odometa ni kwamba ratiba yote ya huduma inapotea. Belti hiyo inataka kubadilishwa baada ya kilomita 100,000, na sasa hakuna ajuaye imekula ngapi. Taa ya kukumbusha ipo, ila nayo fundi anaweza kuizima bila kugusa belti.

Ya mnada haikuwa malaika. Thamostati haikuwepo, na paipu moja ya breki ya nyuma ilikuwa imevimba chini ya klipu. Lakini asubuhi ikiwa baridi iliwaka bila moshi wa bluu, kitambaa kilitoka cheupe, chesisi ililia kengele kuanzia mbele hadi nyuma, na ndani kulikuwa na daftari: tarehe, kilomita, lita za dizeli, oili, kila safari, kwa miandiko ya madereva watatu. Lita kwa kilomita hazikupanda mwaka hadi mwaka, nami dalili hiyo ya afya naiamini kuliko dashibodi.

Aliichukua. Nilimbadilishia paipu zote nne za breki, thamostati, mipira ya hewa na belti. Aliendelea kuandika kwenye daftari lile lile, chini ya mwandiko wa dereva wa mwisho, hadi wiki iliyopita kurasa zilipoisha akaja kuniuliza kama nina daftari jingine.