Mitindo ya kujifunza maana yake nini, na mwalimu afanyeje darasani

Mitindo ya kujifunza, wengine wanaita staili za kujifunza, ni ile dhana kwamba wanafunzi hawashiki somo kwa njia moja, kuna anayeelewa haraka akiona mchoro, kuna wa kusikiliza, kuna ambaye mpaka asome na kuandika mwenyewe, na kuna yule mpaka ashike kitu kwa mikono yake. Makundi haya manne yanaitwa VARK, yaani herufi za kwanza za majina yake kwa Kiingereza, yalitoka kwa Neil Fleming wa New Zealand na mwenzake Colleen Mills mwaka 1992.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea. Wanadhani kazi ni kumpima mtoto halafu kumbandika jina, "huyu ni wa kuona", basi kuanzia leo ni picha tu. Hapana jamani. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa mtindo wake ndo anaelewa zaidi. Njia anayoipenda mtoto inaweza isiwe ndo inayomsaidia.

Kinachosaidia ni somo moja kupita njia kadhaa, kwa darasa zima. Chukua hesabu za sehemu, zile za nusu na theluthi zinazowatesa watoto. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Utarudia ubaoni mara kumi, ataitikia "ndiyo mwalimu", kesho anakuletea 2/5 ileile. Hebu chana utepe kwenye karatasi ya daftari, mtoto aukunje vipande sita vilivyo sawa, apake rangi nusu yake, vitatu hivyo, halafu aongeze theluthi, viwili, ahesabu vilivyopakwa: vitano kati ya sita. Hapo muulize, hiyo 2/5 yako ni kubwa au ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo? Umeongeza halafu ikapungua? Mwache amweleze jirani yake kwa maneno yake mwenyewe, ndo aandike 3/6 + 2/6 = 5/6. Ameshika, ameona, amesema, ameandika, na hujamtenga mtoto yeyote.

Njia yenyewe mara nyingi inaamuliwa na somo, ramani lazima ionekane, na shairi usipolisikia likighanwa mizani utaijulia wapi?

Ila mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia, huyo usimweke kwenye habari za mitindo kabisa, lile ni hitaji, anatakiwa akae mbele, apate maandishi makubwa, apate lugha ya alama, na ni haki yake.

Na darasa likiwa na watoto 80 bado inawezekana, utepe mmoja kwa watoto wanne, mmoja anakunja, mmoja anapaka, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anaandika, swali linalofuata wanabadilishana.